Mazungumzo ya Nyumbani: Gharama za Mzazi Baada ya Kuzaa



Mwezi uliopita tulizungumza juu ya adabu za kuposa, na tukaahidi kwamba mwezi huu tutaingia katika mlango wa mahari. Twaomba radhi kwa kuiweka kando ahadi hiyo, kwani limetufikia jambo ambalo tumeona haifai lingoje. Ni jambo la nyumba zote zenye vijana waliooa, nalo huja ghafula, usiku au alfajiri, wakati mtu hana nafasi ya kukaa akafikiri.

Siku moja baada ya sala ya Alasiri nilikuwa nimekaa barazani nikiwangoja watoto wa chuo. Akanijia kijana mmoja niliyemsomesha mwenyewe tangu alifu mpaka akahitimu. Kazi yake ni useremala, makazi yake ni Kisauni, na ndoa yake haijatimiza miaka miwili. Nilimkaribisha akae, hakukaa. Alisimama ameshika nguzo ya baraza.

Nikamwuliza, "Una nini, mwanangu?"

Akasema, "Maalim, mke wangu amejifungua jana usiku. Mtoto wa kiume."

Nikamshukuru Mwenyezi Mungu, nikamwombea mtoto baraka na mama yake afya. Walakini uso wa yule kijana haukuwa uso wa mtu aliyepata mtoto. Nikamshika mkono nikamketisha, ndipo akanieleza.

Mkewe alizaa katika hospitali ya serikali, akazaa salama pasipo kupasuliwa, ila alitokwa na damu nyingi na akashonwa. Alipopelekwa wadini alilazwa kitanda kimoja na mzazi mwenziwe, huyu kichwa huku na yule kichwa kule, na watoto wawili katikati. Asubuhi akaambiwa kwamba kesho yake atakwenda zake nyumbani, kwa kuwa kuna wengine wanaongoja mahali pa kulala. Mama mkwe alipofika na kuyaona hayo alilia, akasema mwanawe hatalala pale usiku wa pili. Akatoka akaenda katika hospitali moja ya watu binafsi, akarudi na habari kwamba nafasi ipo: chumba cha peke yake, siku tatu, arubuni shilingi 20,000, na baki italipwa siku ya kutoka. Mama mzazi wa kijana naye akasema, "Sisi tulizaa juu ya mikeka na mungu wetu akatusitiri. Mlete mke wako nyumbani nimkande."

Na katika kibubu cha kijana huyu zilikuwamo shilingi 26,000, si zaidi, nazo alikwisha kuzinuia akika: mbuzi wawili na pilau, na watu walikwisha kuambiwa. Mama mkwe akamwambia kwamba ikiwa fedha hana, bangili za mkewe zipo, na ziuzwe.

Basi suali lake lilikuwa hili: "Maalim, kwa sharia, kumlipia ni wajibu wangu au si wajibu wangu?"

Nami, Mwenyezi Mungu anisamehe, nilimjibu kama nilivyosoma. Nikamwambia kwamba katika vitabu vya madhehebu yetu ya Imamu Shafi, kama vile Minhaji ya Imamu Nawawi, nafaka ya mke imehesabiwa: chakula, mavazi, makazi, vyombo, vitu vya kujisafisha, na mtumishi kwa yule aliyezoea kutumikiwa, ama thamani ya dawa na ujira wa tabibu havikutiwa katika wajibu wa mume. Nikaona mabega ya kijana yakishuka. Alipumua kama mtu aliyetuliwa mzigo. Na hilo ndilo lililonichoma, kwani sikupenda kuona jibu langu likimfurahisha kwa namna ile.

Kabla sijasema neno la pili, nikasikia sauti ya mama watoto nyuma ya pazia: "Maalim, na zile ulizolipa kwa ajili yangu mwaka 1996, nilipokaribia kufa, zilikuwa nafaka au zilikuwa sadaka?"

Nikanyamaza. Watoto wa chuo wakawa wanaingia, nikawaambia wadurusu peke yao.

Ndugu msomaji, mambo yaliyoandikwa na maulamaa wetu wa zamani hayakuandikwa ovyo, wala hatusemi maneno haya kwa kuwadharau. Walimfananisha mume na mpangaji wa nyumba: yeye hutoa kodi, na matengenezo ya nyumba yenyewe si juu yake. Na tena katika zama zao dawa lilikuwa jambo la kubahatisha. Mtu aweza kuinywa akapona, na aweza kuinywa asipone, na wengi walipona bila ya kuinywa. Siku hizi hali si hiyo. Mwanamke anayetokwa na damu baada ya kuzaa, dawa yake yajulikana, na akiikosa hufa kwa muda wa saa chache. Kwa hiyo wako maulamaa wa zama zetu, na miongoni mwao ni Sheikh Wahba Zuhaili wa Sham aliyefariki mwaka 2015, walioandika kwamba matibabu ya mke sasa ni haja ya lazima kama chakula, bali huenda yakazidi, na kwamba gharama zake ni juu ya mume. Na hata kabla ya kufika huko, ziko Aya. Sura ya Nisaa, Aya ya 19, yatuamrisha tukae na wake zetu kwa wema. Na Sura ya Talaka, Aya ya 7, yamtaka mwenye wasaa atoe kwa kadiri ya wasaa wake, na mwenye dhiki atoe katika kile alichopewa. Je, ni wema gani kumwambia mwanamke, "Tumbo ulilibeba kwa ajili ya mwanangu, damu ni yako mwenyewe"?

Basi nilimgeukia kijana nikamwambia, "Mwanangu, jibu la kwanza nimekosea. Mkeo akihitaji tiba, gharama ni juu yako kwa kadiri ya uwezo wako. Sasa nami nina suali. Hizo 20,000, ni tiba unayonunua, au ni kitanda?"

Hakuweza kujibu. Na mimi simlaumu, kwani mwaka 1996 nami sikuweza.

Mwaka ule mama watoto alizaa mtoto wetu wa pili katika hospitali ya serikali. Wadi ilijaa, kelele nyingi, na mimi kijana nimejaa ujana. Nikakopa kwa mjomba wangu, nikamhamishia katika nyumba moja ya kuuguzia watu, jina lake halina haja kutajwa. Palikuwa na pazia la maua, na panka juu ya kitanda, na chai ililetwa katika kikombe cha kauri chenye kisahani. Nilijiona mwanamume. Usiku wa tatu homa ikampanda, akatetemeka hata kitanda kikawa kinagonga ukuta. Nikamtafuta daktari, nikaambiwa atakuja asubuhi. Aliyekuwapo ni msichana mmoja anayejifunza kazi, maskini naye alikuwa anaogopa kuliko mimi. Tukamchukua mgonjwa kwa teksi usiku ule ule tukamrudisha katika hospitali ile ile ya serikali tuliyoikimbia, nako alikaa siku tisa akitiwa dawa kwa mshipa, mpaka Mwenyezi Mungu akamponya. Na mkoba wa nguo zake nilikuja kuupata baada ya kulipa hesabu yote, pamoja na usiku ambao hakulala. Pazia lilikuwa zuri, hilo sikatai.

Mimi si daktari. Elimu yangu ni ya chuoni na madarasa machache ya shule. Walakini ninaye mpwa wangu ambaye ni mwuguzi wa zahanati, naye nilimtaka anifundishe ili nisije nikawafundisha watu kwa ujinga. Alinieleza kwamba wengi wa wanawake wanaokufa kwa sababu ya uzazi hawafi katika ujauzito. Hufa wakati wa kuzaa na katika siku zinazofuata, na saa 24 za kwanza ndizo zenye hatari zaidi. Kwa hiyo Shirika la Afya Ulimwenguni limetoa uongozi, tangu mwaka 2013 na tena mwaka 2022, kwamba aliyezaa hospitalini, hata akizaa salama, akae huko kwa muda usiopungua saa 24. Na akisha kutoka aangaliwe tena, yeye na mtoto, siku ya tatu, kisha baina ya siku ya saba na ya kumi na nne, kisha katika juma la sita. Nikamwuliza, "Je, uongozi huo wataja chumba cha peke yake?" Akacheka akasema hautaji.

Basi twaona kwamba yapo mambo mawili, na watu huyachanganya. Liko la mzazi aliye mgonjwa, na liko la mzazi mzima aliyechoka. Aliye mgonjwa, yaani anayetokwa na damu, au mwenye homa, au kichwa kinamwuma sana na macho yanaona giza, au presha imepanda, huyo haja yake ni daktari wa usiku na mchana, na damu ya kutiwa, na chumba cha kupasulia. Vitu hivyo mara nyingi vipo katika hospitali kubwa ya serikali kuliko katika nyumba ndogo yenye pazia. Kumtoa huko kwa sababu ya msongamano ni kumtoa palipo na dawa ukampeleka palipo na chai. Ama mzima aliyechoka, haja yake ni usingizi, na chakula, na mtu wa kumpokea mtoto usiku, na mtu ajuaye wa kumtazama siku ya tatu. Hayo yaweza kununuliwa, na si lazima yanunuliwe hospitalini.

Sisemi kwamba kulipa ni israfu siku zote. Yuko aliyepasuliwa, naye hawezi kugeuka peke yake. Kumlaza wawili kitanda kimoja ni mateso, na mume mwenye uwezo akimtafutia mahali pa kulipia amefanya vyema, na thawabu anaipata. Yuko asiye na mama wala dada mjini, na chumba chake ki ghorofa ya nne pasipo na lifti. Yuko ambaye mtoto wake wa kwanza alikufa, na hofu yake haiishi ila akimwona mwuguzi mlangoni. Na utulivu wa moyo wa mzazi si kitu kidogo, hata maziwa hushuka kwa huo. Na hospitali kubwa za serikali zilizo nyingi huwa na wadi za kulipia ndani ya ukuta ule ule. Hizo ndizo ninazozipenda zaidi, kwa kuwa ukizidiwa husafirishwi, wasukumwa tu kwa kigari kutoka mlango huu hadi ule.

Wako pia wanaotaka chumba kwa ajili ya sitara. Haya ni maneno mazito na hatuyapuuzi. Mwanamke mwenye haya amelala wadini, na saa ya kutazamwa wagonjwa wanaume wa watu wapita huku na huku, naye ananyonyesha. Ni kweli jambo hili laudhi. Walakini kabla ya kutoa 20,000, mwambie mwuguzi mkuu kwa adabu kwamba mkeo ataka pazia la kuzungushia kitanda, au ataka atazamwe na mwanamke akipatikana. Mara nyingi hukubali. Mpe mkeo kanga mbili nzito na leso ya kunyonyeshea. Asipopatikana daktari mwanamke, dharura yajulikana hukumu yake. Na kijana mmoja aliwahi kuniambia kwamba alilipia chumba ili apate nafasi ya kumwadhinia mtoto! Adhana ya mtoto mchanga husemwa sikioni, kwa sauti ya chini. Hata mzazi wa kitanda cha pili hatasumbuka.

Tuje kwenye fedha, maana hapa ndipo nyumba huvunjika.

Hapa Kenya, serikali iliondoa malipo ya kuzaa katika hospitali zake tarehe 1 Juni 2013. Mwaka 2016 ukaja mpango ulioitwa Linda Mama chini ya bima ya NHIF, nao ukawahusu mama na mtoto kabla ya kuzaa, wakati wa kuzaa na baada yake. Tangu Oktoba 2024 NHIF haipo tena; mahali pake imekaa Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo watu huiita SHA, na mwenye mshahara hukatwa shilingi 2.75 katika kila mia, na mchango haupungui shilingi 300 kwa mwezi. Kwa hiyo ewe kijana uliyeoa, usingoje uchungu umshike mkeo ndipo uanze kutafuta kitambulisho. Jiandikishe wewe naye, na mchango uwe umelipwa, mimba ikiwa bado changa. Na usidhani kwamba bima iliyolipia uzazi katika hospitali ya kwanza itakufuata mpaka katika chumba cha hospitali ya pili. Iulize, kwa maandishi ikiwezekana, kabla ya kumwinua mgonjwa kitandani.

Na hospitali yenyewe nayo iulizwe. Je, usiku yupo daktari, au huitwa kwa simu? Damu ya kutiwa ipo? Mtoto huhesabiwa pamoja na mama yake, au ana hesabu yake mbali? Dawa, pamba na chakula vimo katika bei ya siku, au huandikwa kimoja kimoja? Akizidiwa usiku, hupelekwa wapi, na gari ni la nani? Arubuni hurudishwa akitoka mapema? Mwenye hospitali mwaminifu hakasiriki kwa masuali haya. Anayekasirika, muage. Kadhalika usiondoke katika hospitali ya kwanza bila ya barua ya kueleza hali ya mgonjwa na dawa alizopewa, wala bila ya hati ya kuarifu kizazi, kwani hiyo hutolewa pale alipozaliwa mtoto, na nimewaona wazazi wakihangaika nayo miaka sita baadaye wakati wa kumtia mtoto shule.

Yatukia kwamba mtu hutoa arubuni, siku zikazidi, na baki ikamshinda. Mzazi akazuiliwa pale na mtoto wake mpaka deni lilipwe, na kila siku anayozuiliwa ikaongezwa katika deni. Mwaka 2015 Mahakama Kuu mjini Nairobi iliamua, katika shauri la wanawake wawili waliozuiliwa katika hospitali ya umma ya kuzalia, kwamba kumfunga mtu hospitalini kwa sababu ya deni ni kinyume cha haki zake. Hukumu hiyo ni rehema. Walakini deni halikufutika kwa hukumu, na Mwislamu hakimbii deni. Bora usiingie.

Wala usikope kwa ile mikopo ya simu yenye kuzaa juu. Ni riba, na ni riba ya haraka. Leo wachukua elfu kumi, mwezi ukiandama wadaiwa zaidi, na wanampigia simu hata imamu wako kumwambia kwamba huyu hajalipa. Kama huna budi kukopa, nenda kwa jamaa au kwa watu wa msikiti, mkopo usio na ziada, uandikwe na mashahidi wawili kama Aya ya 282 ya Sura ya Bakara inavyofundisha.

Na bangili za mkeo si zako. Amri yake ni yake. Akikupa kwa ridhaa ya nafsi yake ni halali, na Aya ya 4 ya Sura ya Nisaa yasema hayo kuhusu mahari. Lakini ni ridhaa gani ya mtu aliyelala na kidonda, hajalala usiku mbili, na mama yake amesimama juu ya kichwa chake? Muache apate nafuu kwanza. Ama mama mkwe akitoa fedha yake mwenyewe kwa ajili ya mwanawe, ajulishwe mapema ikiwa ni zawadi au ni deni. Nimeamua ugomvi wa namna hii mara tatu barazani pangu, na mara zote tatu hapana aliyesema neno siku ya kutoa.

Ama akika, hapa vijana wetu wamebebeshwa mzigo ambao sharia haikuwabebesha. Akika ni sunna iliyotiliwa nguvu. Wakati wake bora ni siku ya saba, na ikipita, siku ya kumi na nne, na ikipita, ya ishirini na moja. Na katika madhehebu yetu baba hajapitwa nayo mpaka mtoto abaleghe. Mbuzi wawili kwa mtoto wa kiume ndio ukamilifu, na mmoja watosha katika kuipata sunna. Katika riwaya ya Abu Daud, Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwachinjia wajukuu wake Hasan na Husein kondoo mmoja mmoja. Pilau ya watu mia mbili na mahema na viti vya kukodi sikuviona katika Minhaji. Na katika Sahihi Muslim imepokewa kwamba Mtume alizitaja dinari zinazotolewa katika njia mbalimbali za kheri, ya jihadi, ya kumkomboa mtumwa na ya maskini, kisha ile anayoitoa mtu kwa ahali zake akaifanya kubwa zaidi kwa ujira. Basi fedha ya kibubu, mzazi kwanza, mbuzi baadaye.

Kijana aliyasikia hayo yote, akaniuliza, "Basi nifanye nini sasa hivi, Maalim?"

Nikampigia simu mpwa wangu. Yeye hakuuliza habari ya fedha wala ya chumba. Aliuliza, "Damu inatoka kiasi gani? Anabadilisha kitambaa mara ngapi kwa saa? Ni mweupe viganjani?" Kijana hakujua. Akamwambia, "Rudi upesi, umwambie mwuguzi wa zamu amtazame sasa, usingoje kesho. Usiseme mnataka kuhama. Sema, damu bado yatoka."

Tuliondoka pamoja. Nilikaa nje chini ya mwarobaini pamoja na wanaume wengine, maana si wadi ya kuingia kila mtu. Mwuguzi mkuu alipomtazama yule binti aliona kitambaa kimerowa tena, na viganja vimekuwa vyeupe kama karatasi. Akaitwa daktari. Ikaonekana kipande cha kondo la nyuma kilisalia ndani. Akasafishwa usiku ule, akatiwa damu chupa mbili. Sikuuliza kwa nini hakikuonekana mchana. Wauguzi walikuwa wawili na wazazi nilihesabu zaidi ya arubaini wakiletewa chakula. Ila nilimtazama mama mkwe, naye akanitazama, na sote wawili tulijua kwamba kama mmoja wetu angaliupata ushindi wake asubuhi ile, binti angalikuwa ama katika chumba chenye pazia au juu ya kitanda cha kukandwa.

Siku mbili baadaye, hatari ilipopita, kijana alimlipia mkewe nafasi katika wadi ya kulipia ya hospitali ile ile, usiku mbili, ili apate usingizi. Ilimgharimu shilingi 11,000 kwa jumla. Nilimuunga mkono.

Kisha mkewe akahamia kwa mamake kutimiza arubaini, kama ilivyo ada yetu. Na nikamkumbusha kijana kwamba nafaka haikatiki kwa kuwa mke yuko kwa mamake kwa idhini yake: samaki, kuku wa supu, maziwa, na ujira wa msichana wa kufua nepi. Shilingi elfu tano zilizotumiwa hivi katika majuma mawili humpumzisha mzazi kuliko usiku mmoja wa chumba. Siku ya tatu baada ya kutoka, mpwa wangu alikwenda kumtazama nyumbani, akapokea nauli yake tu. Jambo hili la kumwita mwuguzi aje nyumbani watu hawalifikirii, nalo ni rahisi kuliko yote.

Kukanda nako twapenda kutaje neno. Mikono ya bibi zetu ina baraka, na mzazi hupata raha kwa kukandwa taratibu. Walakini maji ya moto ya kuunguza juu ya tumbo la aliyeshonwa au anayetokwa na damu, hapana. Na aulizwe mwuguzi kwanza. Wala yale maziwa ya kwanza yenye rangi ya manjano yasikamuliwe yakamwagwa; hayo ndiyo riziki ya kwanza ya mtoto na kinga yake. Na mzazi akiwa nyumbani, kitambaa kikirowa upesi upesi, au homa ikimpanda, au kichwa kikampasuka na macho yakaingia giza, au mguu mmoja ukavimba na kuuma, au damu ikatoa harufu mbaya. Na mtoto akikataa kunyonya, au akapumua kwa shida, au mwili ukawa wa moto au wa baridi isiyo ya kawaida, au viganja na nyayo zikawa za manjano: hapo hapana kungoja siku ya tatu, wala hapana kumngoja baba mtu atoke kazini. Ruhusa ya hayo mume aitoe kabla, siku ya kwanza, mbele ya wote. Wako waliokufa wakingoja ruhusa.

Akika ilifanywa siku ya ishirini na moja, mbuzi mmoja, nyama ikapikwa nyumbani kwa mama mkwe na kugawiwa majirani na mayatima wa chuo. Mama wa kijana hakufurahi. Alisema watu watasema nini. Mama watoto alimwambia, "Watasema mama wa mtoto yuko hai." Mimi nilikula fungu langu.

Mwezi ujao, inshaallah, tutarejea katika mlango wa mahari, na tutaanza na suali la bibi mmoja wa Lamu aliyetaka kujua hukumu ya mahari iliyoahidiwa kwa dhahabu, kisha bei ya dhahabu ikapanda. Wenye masuali mengine na wayapeleke mapema, wakiandika kwa hati inayosomeka.

Wassalaam alaykum.